Farasi Anastahili, Mlango Ndio Mwembamba

Msikilizaji wa Chiwanda na mwambao wote wa Ziwa Nyasa, wapo wanaodai upandaji farasi hauna haki ya kuwa mchezo wa Olimpiki, kwa kuwa anayetoka jasho ni mnyama. Sikubaliani nao.

Mwaka 2021 kule Tokyo, Annika Schleu wa Ujerumani alikuwa akiongoza pentatloni ya kisasa, shindano la michezo mitano ambalo wakati huo lilikuwa na upandaji farasi. Akapewa farasi aliyepatikana kwa kura, na dakika 20 tu za kuzoeana naye. Farasi akagoma kuruka viunzi, medali ikapotea. Baada ya Paris 2024, pentatloni imemwondoa farasi kabisa. Funzo liko wazi: kuelewana na farasi ni ustadi wa miaka mingi. Tena katika mashindano ya farasi ya Olimpiki wanaume na wanawake hupambana pamoja, jambo lililoanza mwaka 1952.

Hoja nzito ni nyingine: nani anaufikia uwanja? Kusini mwa Tanzania, mbung'o na ugonjwa wa nagana vimefanya ufugaji wa farasi kuwa mgumu kwa vizazi. Jirani zetu Kenya wana uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Sisi tuna mitumbwi, na mbio za mitumbwi zimo Olimpiki tangu 1936.

Kwa hiyo farasi abaki. Lakini viongozi wetu wa michezo waanzie hapa ziwani: kijana wa Chiwanda aliyekulia na kasia mkononi apewe mwalimu, chombo cha mashindano na nafasi ya kupimana nguvu na dunia.