Kompyuta Mpya, Programu ya Zamani: Je, Chipu Inayorithi Ina Faida?

Hotuba kwa wakazi kuhusu ununuzi wa kompyuta



Mweka hazina wa chama ana programu aliyowekewa miaka 20 iliyopita. Humo mna michango ya kila mwanachama, mikopo na riba. Fundi anamwambia, "Mama, hii mashine imechoka, nunua nyingine." Imechoka kweli. Lakini je, programu ile itakubali kufanya kazi kwenye mashine mpya?

Jibu limo ndani ya prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta. Kila prosesa ina amri inazozielewa, na programu huandikwa kwa amri hizo. Isipozielewa, programu haiendi, hata chipu iwe na kasi namna gani.

Kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa ya 8086 mwaka wa 1978. Ndugu yake, 8088, ikawekwa kwenye kompyuta ya IBM ya mwaka wa 1981. Chipu hizo zilifikia kumbukumbu ya megabaiti 1 tu. Mwaka wa 1982 ikaja 80286, iliyoweza kufikia megabaiti 16 na bado ikazielewa amri za zamani.

Urithi huo ulikuwa na gharama yake. Chipu ya 8086 ilipohesabu anwani za kumbukumbu kupita megabaiti 1, ilirudi sifuri, kama mita ya gari iliyofika mwisho. Kuna programu zilizotegemea tabia hiyo. Mrithi wake hakurudi sifuri, alisonga mbele. Basi wahandisi wa IBM, walipotengeneza kompyuta ya AT mwaka wa 1984, wakaweka swichi ya kuzuia waya mmoja wa anwani ili programu hizo zisivurugike. Swichi yenyewe wakaipitisha kwenye chipu ya kibodi, kwa sababu huko kulikuwa na pini isiyo na kazi! Kiraka hicho kikabebwa na vizazi vingi vya kompyuta baadaye. Anayerithi shamba hurithi na visiki vyake.

Je, haikuwa afadhali kuanza upya? Intel yenyewe ilijaribu. Mwaka wa 2001, ikishirikiana na kampuni ya HP, ilileta Itanium, prosesa ya biti 64 yenye amri mpya kabisa. Programu za zamani ziliweza kuendeshwa humo, lakini kwa mwendo wa kobe. Mwaka wa 2003 mshindani wake, AMD, akatoa Opteron. AMD ilizichukua amri zilezile za zamani ikazipanua hadi biti 64. Mnunuzi aliendesha programu zake za jana kwa kasi kamili, akahamia biti 64 kwa wakati wake. Mwaka wa 2004 Intel ikaanza kuuza chipu zinazofuata njia hiyo ya AMD. Itanium ilikokotwa hadi 2021, usafirishaji wake ukakoma.

Wapo watakaotaja Apple, iliyobadilisha aina ya prosesa mwaka wa 2006 na tena 2020, na haikuanguka. Ni kweli. Lakini Apple hutengeneza kompyuta na mfumo wake wa uendeshaji pia, na kila mara iliweka programu ya kutafsiri amri, Rosetta. Hata hiyo Rosetta ya kwanza iliondolewa mwaka wa 2011, na aliyekuwa bado anaitegemea akabaki nje.

Kwa hiyo chipu inayorithi ina thamani, visiki na vyote. Prosesa hununuliwa dukani siku moja. Kumbukumbu za chama za miaka 20 hazinunuliki.

Hata hivyo, mweka hazina wetu asilale. Windows ya biti 64 huendesha programu nyingi za biti 32, na huenda yake ni mojawapo. Ile ya biti 16, ya enzi za DOS na Windows za mwanzo, itakataliwa, ingawa chipu ni ya ukoo uleule. Windows 11 haina toleo la biti 32, na Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida ya bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Programu ya DOS itahitaji programu nyingine ya kuiga mashine ya zamani. Pia zipo laptopu mpya zenye chipu za ARM, ambazo hulazimika kutafsiri amri hizi. Muuzaji aulizwe kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Nenda dukani na nakala ya programu na ya kumbukumbu kwenye flashi. Iwekwe kwenye mashine mpya muuzaji akiwepo, ufungue daftari la mwanachama mmoja, uongeze mchango wa majaribio, kisha uchapishe risiti. Ile mashine iliyochoka isiuzwe wala kugawanywa vipuri hadi hesabu za mwisho wa mwezi zitoke sawa kwenye mpya.