MWEZI NA JUA: NANI ATUAMBIE WAKATI WA KUPANDA?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, penye ghala la chama. Yameandikwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo lililotugawa katika mkutano uliopita. Wako waliosema tupande mahindi ya vuli Mfunguo Tano, kama walivyopanda wazee mwaka fulani wakavuna vizuri. Wako waliosema hapana, tungoje Oktoba. Mbegu iliyomo ghalani ni ya mkopo. Tukiifukia katika vumbi, panya watakula na deni litabaki. Kwa hiyo tusikilizane.

Kwanza mwezi. Mwezi hauna mwanga wake wenyewe. Ni kama ukuta uliopakwa chokaa: unang'aa kwa kuwa jua limeupiga. Nusu yake inamulikwa wakati wote, ila sisi hatuioni nusu hiyo yote kila siku.

Hebu mtu ajaribu nyumbani. Usiku washa kandili, iweke juu ya meza. Kandili ndiyo jua, kichwa chako ndicho dunia. Shika chungwa, nyosha mkono, liinue kidogo juu ya kichwa. Ukiielekea kandili, upande wa chungwa unaouona ni wa giza: hapo mwezi umeandama. Geuka polepole kushoto. Utaona ukingo mwembamba wa mwanga, halafu nusu. Ukiipa kandili mgongo, chungwa lote linang'aa: huo ndio mwezi mpevu. Endelea kugeuka, mwanga unapungua mpaka unarudi gizani. Mzunguko huo huchukua siku 29 na nusu.

Sasa mtaelewa kwa nini mwezi mchanga huonekana magharibi jua likishazama, na kwa nini mwezi mpevu huchomoza mashariki saa ile ile jua linapotua. Unakuwa umesimama upande wa pili, unatazamana na jua.

Ukilishusha chungwa likaingia katika kivuli cha kichwa chako, huko ndiko kupatwa kwa mwezi. Wala si joka lililoumeza. Mbona haitokei kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kama digrii 5, kwa hiyo mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli. Na mwezi ukipita katikati yetu na jua sawasawa, jua ndilo hupatwa. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, mkoa wa Mbeya, wakaona jua limebaki kama pete.

Pili, majira. Watu wengi hudhani joto huja dunia ikilikaribia jua. Sivyo. Mapema Januari tuko karibu zaidi na jua, kilomita milioni 147. Mapema Julai tuko mbali, kilomita milioni 152. Lakini Januari ndiyo Wazungu wa Ulaya wanatetemeka kwa baridi!

Sababu ni kuinama. Chukua tena lile chungwa, lichome kijiti katikati, liinamishe kidogo. Dunia imeinama kama digrii 23 na nusu. Zunguka kandili, lakini ncha ya kijiti ielekee mlango wa ghala siku zote, usiigeuze. Mtaona kwamba upande mmoja wa safari nusu ya juu ya chungwa ndiyo inayoielekea kandili, na upande wa pili nusu ya chini. Juni ni zamu ya kaskazini, Desemba ni zamu yetu sisi wa kusini. Safari hiyo huchukua siku 365 na robo.

Kule London mchana wa Juni hufika saa 16 na nusu, na wa Desemba hautimii saa 8. Sisi tuko karibu na Ikweta, tofauti yetu ni chini ya saa moja. Kwa hiyo majira yetu hatuyajui sana kwa urefu wa mchana, tunayajua kwa mvua na pepo. Na mvua hufuata jua. Hapa pwani, usawa wa Dar es Salaam, jua hupita utosini mara mbili: mwanzoni mwa Machi likienda kaskazini, na kama tarehe 10 Oktoba likirudi kusini. Ukanda wa mvua huja nyuma yake. Ya kwanza ni masika, ya pili ni vuli.

Sasa tufike kwenye ugomvi wetu. Miezi 12 ya kuandama ni siku 354. Mwaka wa jua unaizidi kwa siku 11. Ndiyo maana Ramadhani ya 2015 ilianza katikati ya Juni, na ya 2024 ilianza katikati ya Machi. Basi hesabuni: Mfunguo Tano ya 2015 iliangukia Novemba, vuli. Mfunguo Tano ya 2024 iliangukia Agosti, kusi linavuma na ardhi kavu! Wazee hawakusema uongo. Mwaka ule walivuna kweli. Ila mwezi umekwisha sogea, na mvua haikusogea nao.

Tena, wahenga wa pwani walilijua hili. Kwa ibada walifuata mwezi. Kwa shamba na safari za majahazi walikuwa na mwaka mwingine, wa Nairuzi, wenye siku 365, wakiuhesabu kwa miongo, yaani kumi kumi. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, unaoadhimishwa kila Julai, ndio kumbukumbu yake.

Hatusemi mwezi hauna kazi. Ukiandama na ukipevuka, bamvua huja, maji yanakupwa mbali, na akina mama wanapata pweza na kufikia mwani wao. Ukiwa nusu, maji ni mafu. Wavuvi wa dagaa nao wanajua kwamba mbalamwezi hushindana na karabai. Mwezi ni wa bahari na ibada, jua ni la shamba.

Lakini tusidanganyane: jua linatupa msimu, halitupi siku. Mwaka 1997 vuli ilileta gharika ya El Nino, na miaka mingine vuli hukawia. Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu.

1. Tusimike mti ulionyooka mbele ya ghala, na vijana wa darasa la saba waweke alama ya kivuli cha adhuhuri kila Ijumaa. Juni kivuli kitalala kusini, Desemba kaskazini. Kikiisha chini ya mti mwezi Oktoba, mashamba yote yawe yameshatayarishwa.

2. Mbegu isitolewe ghalani mpaka mvua iloweshe udongo kina cha kiganja.

3. Katibu asikilize utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni na aubandike hapa.

Mwenye swali au mawazo tofauti aje nayo mkutanoni.

(Ndugu msomaji, usibandue karatasi hii. Mwenzako hajaisoma.)