Saa Sita au Saa Tisa?

Hivi karibuni nilikuwa Kibondo, gari la matangazo likapita sokoni likitangaza chanjo ya watoto. Akina mama waliokuwa karibu nami wakaanza kubishana. Je, limesema saa sita au saa tisa? Mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, aliamini ni saa tisa. Kesho yake alipofika, wahudumu walikuwa wanafunga masanduku.

Nilimtafuta mwenye spika. Ni fundi kijana wa Kasulu, nami nilikuwa narejea huko, basi nikamfuata hadi kibandani kwake. Boksi lake ni la mbao, lina besi ya inchi 10 na twita ndogo iliyotoka kwenye redio mbovu. Kati yake na besi kuna koili aliyoizungusha kwa mkono, kwa waya wa shaba wa mota iliyoungua. Kazi safi kabisa.

“Kaka, koili kubwa ndiyo inayoleta besi,” aliniambia.

Hapo ndipo penye kosa. Koili haiongezi besi, bali huzuia sauti nyembamba zisifike kwenye spika kubwa. Kwa spika ya omu 8, koili ya milihenri 2 huanza kuzuia kwenye mitetemo kama 640 kwa sekunde. Ya milihenri 0.5 huanza kwenye 2,500 hivi. Twita yake dhaifu haikuweza kuziba pengo lile. Sasa tazama maneno “sita” na “tisa”. Irabu ni zilezile, i na a. Kinachoyatenganisha ni s na t tu, na herufi hizo hutegemea sana sauti nyembamba.

Tulianza kupunguza mizunguko. Mafundi wengi hudhani ukipunguza nusu ya mizunguko, koili nayo inabaki nusu. La, inabaki kama robo, kwa hiyo twende polepole. Alikuwa na mizunguko 200. Mita ya kupimia koili hakuwa nayo, hivyo mtoto wa jirani akasimama ng’ambo ya barabara, amenipa mgongo. Mimi nikashika maikrofoni: sita, tisa, tisa, sita. Yeye akainua vidole. Kila mara tulizima amplifaya, tukafungua mizunguko kumi, tukakwangua vanishi ya waya na kuunganisha bila kukata. (Majirani, nadhani, walituona tumerukwa na akili.)

Mwanzoni mtoto alikuwa akibahatisha tu. Kwenye mizunguko 120 hakukosea hata mara moja. Tulipofika 90 besi ikaanza kukwaruza masikio, tukarudi 110. Ndipo fundi akakata waya na kutia lehemu. Boksi sasa linanguruma kidogo kuliko awali, na hilo halikumfurahisha, maana Jumamosi hulikodisha kwenye harusi.

Gari litapita tena Kibondo kutangaza chanjo ijayo. Mama yule nimemtumia saa kwa mdomo, kupitia kwa jirani yake. Hadi wiki ijayo, kwaherini.