Ipi Ihesabiwe Baiskeli?



Mahindi yetu mengi hupanda baiskeli kabla hayajapanda lori. Kwa hiyo tuandikapo neno "baiskeli" katika kanuni za mikopo, yatupasa tujue twasema nini.

Desturi imezigawa baiskeli kwa majina. Iko ya kiume, yenye bomba la juu, na ya kike, isiyo nalo. Iko ya mzigo, mfano wa Phoenix ya Kichina yenye magurudumu ya inchi 28, na iko ya gia, ya inchi 26, ihesabiwayo ya matembezi. Lakini majina hayo hayatulii mahali pamoja. Fundi akiifunga ya gia keria imara, kesho itabeba gunia. Ya mzigo nayo, siku ya Jumapili, humpeleka mama kanisani.

Tazameni neno "bodaboda". Lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, likiwa jina la baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Leo hapa Songea bodaboda ni pikipiki. Jina limebaki, chombo kimebadilika.

Huko Umoja wa Ulaya nako zimezuka baiskeli za umeme, zisizojulikana upesi kuwa ni za upande gani. Sheria yao haikutazama umbo, bali ilipima: mota isiyozidi wati 250, nayo imsaidie anayekanyaga mpaka mwendo wa kilomita 25 kwa saa tu, hiyo ni baiskeli.

Ndugu zangu, nasi tupime vivyo hivyo. Tukiandika "baiskeli ya mzigo ya kiume", tutamnyima mkopo mwanachama mwanamke ambaye kitenge chake hakimruhusu kurusha mguu juu ya bomba. Ni kweli bomba hilo huimarisha fremu; basi tukague uimara, tusikague jinsia. Kanuni na iulize mambo matatu: Je, yaendeshwa kwa miguu? Je, fremu na keria vyamudu gunia? Je, vipuri vyapatikana hapa Songea? Atakaye pikipiki awekewe fungu lake mbali, kwa kuwa petroli, leseni na bima ni gharama za namna nyingine.

Gunia halijui jina la kilichoubeba uzito wake. Lajua tu kama limefika ghalani au limeanguka njiani.