Umejuaje? Mhadhara wa Umma kuhusu Kazi ya Mwalimu



Mhadhara wa namna hii humtaka profesa aseme waziwazi anachokiamini. Ninachokiamini mimi kinaenea katika swali moja: umejuaje? Mwalimu anayemjaza mtoto majibu bila kumzoesha swali hilo amemkopesha elimu tu, na siku mambo yakibadilika, deni hudaiwa.

Mfano tunao papa hapa Kisian, njia panda ya Busia na Bondo, ilipo Taasisi ya Utafiti wa Tiba Kenya (KEMRI), ambayo watafiti wake wamepambana na malaria kwa miaka mingi. Wataalamu wa mbu ulimwenguni wanalijua jina la Kisumu hata kama hawajawahi kuliona ziwa letu. Kipo kizazi cha mbu wa Anopheles gambiae kinachoitwa Kisumu. Asili yake ni huku, na kinafugwa katika maabara za nchi nyingi. Sifa yake ni unyonge: hakina usugu wa dawa ya kuua wadudu. Mtafiti akitaka kujua kama mbu wa kijijini wamekuwa sugu, huwaweka kwa saa moja penye karatasi iliyotiwa dawa, kisha huhesabu waliokufa baada ya saa 24. Mbu wa kijijini wakisalimika, mtu anaweza kudai kwamba dawa yenyewe ilikuwa mbovu. Lakini mbu wa kizazi cha Kisumu wakifa kwa dawa ileile, dai hilo halina miguu. Kundi jingine huwekwa penye karatasi isiyo na dawa. Wakifa zaidi ya asilimia 20 ya hao, jaribio zima hutupwa, likaanzwa upya.

Nimewaeleza watoto wa Gredi ya 5 jaribio hili. Kundi lisilopewa dawa huwashangaza: si kupoteza mbu bure? Waache wabishane. Hatimaye mmoja husema, "Labda wangekufa tu wenyewe." Mtoto huyo sijamwongezea habari yoyote ya mbu. Amejipatia njia ya kumkagua kila atakayemwambia jambo, nami nikiwemo.

*Swali la wenyeji*

Wako watakaosema kwamba kuhoji namna hii ni mambo ya wageni. Historia ya Nyanza inawakatalia. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) walianzisha Shule ya Maseno mwaka 1906, na mwaka 1908 wanafunzi wake waligoma. Walikuwa wamefuata kusoma na kuandika, wakajikuta wakifanyishwa kazi za mikono kupita kiasi. Wakati huohuo John Owalo, aliyepitia zaidi ya misheni moja, alianzisha kanisa la Nomiya, nalo likaja kuwa na shule zake. Desemba 1921 watu walikutana Lundha, huko Gem, katika vuguvugu la Piny Owacho. Mstari wa mbele walikuwa vijana waliosomeshwa na misheni, Jonathan Okwiri akiwaongoza, na miongoni mwa madai yao ilikuwamo shule ya serikali. Watu hawa hawakuipokea elimu kama sadaka. Waliihoji: ni ya nini, na inamfaa nani?

*Pingamizi mbili*

Pingamizi la kwanza linatoka kwa walimu wenyewe. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo Januari 2003, madarasa yamefurika. Mwenye watoto themanini amjibu nani? Nasema hivi: si lazima kila swali limfikie mwalimu. Wakae wawiliwawili, kila mmoja amtetee mwenzake jibu lake. Katika daftari waandike jibu na sababu, na sababu nzuri ipate alama hata jibu likikosewa.

La pili linatoka kwa wazazi: mtoto kumuuliza mkubwa "umejuaje" ni utovu wa adabu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na adabu imo katika namna ya kuuliza. "Mwalimu, tafadhali, tumejuaje?" ni swali lenye heshima tele. Mwalimu naye ana adabu yake, ya kusema, "Sijui, twende tukaangalie."

Wala tusidhani kwamba mtaala utatufanyia kazi hii. Mfumo wa 8-4-4 ulikuja mwaka 1985 na ahadi zake. Mtaala wa umilisi ulianza kutekelezwa mwaka 2019, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ukafanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Umilisi unaliruhusu swali langu, lakini mradi wa mtoto ukigeuka picha ambazo mzazi amekimbilia kuzichapisha kwenye saiba usiku, aliyejifunza ni mzazi.

*Kwa nini ina uzito*

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Pendekezo hilo linahitaji mama atakayesimama mbele ya kaunta ya duka la dawa na kuuliza, "Mbona hajapimwa?" Chanjo ya malaria ilipoanza kutolewa nchini Septemba 2019, mzazi alihitaji kumuuliza muuguzi swali letu la "umejuaje", na kumuuliza pia jirani mwenye uvumi. Aliyefundishwa kukariri tu humwamini aliyesema mwisho. Mama huyo huandaliwa darasani, miaka mingi kabla mwanawe hajapata homa.

Ndiyo maana nina ombi moja kwa kitivo chetu. Fomu tunayomkagulia mwalimu mwanafunzi aliye katika mazoezi ina nafasi ya maandalio ya somo, ya ubao na ya nidhamu. Tuongeze safu moja: wanafunzi waliuliza nini? Safu hiyo ikibaki tupu, somo lirudiwe, hata kama ubao ulipendeza. Nami nitakayekuwa nimeketi nyuma ya darasa na fomu hiyo, nikaguliwe vivyo hivyo katika mihadhara yangu.

Maswali sasa.