Asili ya Neno na Kazi Yake: Istilahi Kongwe za Sheria katika Pwani ya Afrika Mashariki



Tangu Bunge la Tanzania lipitishe marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kila panapozuka ubishi wa istilahi hainuki mtu ila atasema, "Turudi kwenye asili." Rai hiyo naikubali nusu. Asili hutuonyesha neno lilikotoka. Maana yake ya kisheria tuitafute katika kazi ambayo neno limefanya barazani, kwa kadhi na kortini.

Chukueni gereza. Wataalamu wengi hulirudisha kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa, kwa kuwa ndani ya ngome zao Wareno walijenga makanisa, na wenyeji wakaiita ngome nzima kwa jina hilo. Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, Waingereza waliitumia kufungia watu kuanzia 1895 hadi 1958. Sijasikia wakili aliyeomba mteja wake aachiwe kwa hoja kwamba kanisani hakufungwi mtu.

Tabaka nene zaidi ni la Kiarabu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimkuta kadhi keshakaa. Hakimu, hukumu na mahakama ni ndugu wa shina moja na hekima, ingawa aliyeshindwa kesi huenda asiukubali undugu huo. Liwali ni wali wa Kiarabu aliyemezwa pamoja na kitambulishi chake. Alikuwa mtawala wa mji kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Wajerumani wakamweka katika utawala wao pamoja na akida na jumbe, na Waingereza wakampa mahakama yake katika pwani ya Kenya.

Shauri lilipata misukosuko zaidi. Kiarabuni shina lake ni la kutakana rai. Wajerumani walilichukua hadi likaingia katika maandishi yao, wakilitumia kwa kikao cha ofisa wa wilaya cha kusikiliza kesi, ambako mashauriano yalikuwa machache na kiboko kilikuwa karibu. Baadaye, wakati wa Waingereza, ofisa wa wilaya aliitwa Bwana Shauri. Leo mahakama ya mwanzo husikiliza "shauri la madai" bila mtu kukumbuka kiboko wala kutakana rai.

Kiapo ni chetu cha Kibantu, nacho kimepungua ukali. Johann Krapf, aliyeishi Rabai katika karne ya 19, aliandika jinsi Wamijikenda walivyopitisha shoka lililopashwa moto kwenye kiganja cha mtuhumiwa. Aliyeungua ndiye mwenye hatia. Kiapo kilikuwa chenyewe ushahidi na hukumu. Siku hizi shahidi hushika Msahafu au Biblia, kisha anaanza kuulizwa maswali.

Neno ninalotaka tulikalie zaidi ni wakfu, maana hapa tafsiri mbaya iliwagharimu watu mali. Shina lake ni kusimamisha: mali husimamishwa isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na manufaa yake yaende kwa waliotajwa na mweka wakfu. Waliotajwa wanaweza kuwa msikiti au maskini, lakini pia watoto na wajukuu wake mwenyewe, nao katika fikihi hawapungukiwi thawabu. Majaji wa Baraza la Mfalme kule London, ngazi ya mwisho ya rufani kwa makoloni, walilipima neno hilo kwa kipimo chao cha sadaka ya umma. Katika kesi ya Bengal mwaka 1894 waliamua kwamba wakfu wa familia, ambao fungu la maskini ni la mbali mno, ni batili. India iliurekebisha uamuzi huo kwa sheria ya mwaka 1913. Afrika Mashariki msimamo uleule uliendelea kutumika, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Baraza hilohilo likabatilisha wakfu wa familia ya Kenya. Asili ya neno ilijulikana vizuri na kila aliyehusika. Kilichopuuzwa ni utaratibu ambao neno lilibeba. Wanaoandika leo "mfuko wa hisani" palipo na wakfu wanalirudia kosa hilo kwa kalamu ya Kiswahili.

Kwa hiyo napendekeza kwamba penye neno ambalo mahakama za mwanzo zimelitumia kwa miongo, lisiondolewe kwa sababu tu kamusi mpya ina jingine. Tuache kumwita mshitakiwa mtu ambaye polisi wanamhoji tu. Huyo bado ni mtuhumiwa. Rufani ya Dar es Salaam na rufaa ya Nairobi, zote zina asili ya kuinua, nazo ziachwe kila moja kwake. Na makarani mlioko hapa, majalada ya zamani yaliyoandikwa kwa Kiswahili msiyapeleke kuchomwa kabla wafasiri hawajayasoma, kwani humo ndimo istilahi zetu zilimofanya kazi.