Kuzeesha Karatasi kwa Chai: Kazi Nzuri Yenye Mpaka

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Leo mezani tuko na sufuria, majani ya chai na karatasi nyeupe. Mama mmoja amecheka akauliza, "Kwani leo tunapika karatasi?" Ndiyo mama, tunaipika.

Kadi nyeupe za Krismasi ziko tele madukani. Kadi yenye sura ya kale, rangi ya udongo, si rahisi kuipata, na wageni huipenda. Tena vijana wa parokia wanahitaji barua za wafalme na gombo za manabii kwa mchezo wa Noeli. Walimu nao wanapenda ramani za aina hiyo darasani. Mtaji ni mdogo: majani ya chai, maji na subira.

NAMNA YA KUFANYA

1. Chemsha lita 1 ya maji na vijiko vikubwa 3 vya majani ya chai kwa dakika 10. Iwe strungi, bila maziwa. Sukari pia usitie, utawaita sisimizi. Chuja, kisha acha ipoe.

2. Anayetaka mikunjo aifinyange karatasi ingali kavu, halafu aikunjue polepole.

3. Mimina chai katika karai pana. Zamisha karatasi moja moja, dakika 5 hadi 10. Ikilowa hupasuka upesi, kwa hivyo ishike kwa mikono miwili.

4. Itandaze kivulini juu ya nailoni safi. Tupia chembe chache za majani ya chai. Ukizikung'uta baadaye zitaacha madoa mazuri.

5. Ikikaribia kukauka, ilaze chini ya vitabu vizito usiku mmoja ili inyooke.

6. Kingo zichane kwa mkono. Wengine huzichoma kwa mshumaa. Hiyo ifanyike nje, mbali na nyumba ya nyasi, ndoo ya maji ikiwa karibu na watoto wakiwa mbali.

Maandishi ya wino wa maji yatiwe baada ya karatasi kukauka, la sivyo yatatapakaa.

Kwa nini chai? Ina tanini, ile ile inayoacha rangi ndani ya kikombe. Lakini karatasi haizeeki kwa chai. Huzeeshwa na mwanga, hewa na miaka. Acheni gazeti juani siku chache, mtaliona likigeuka manjano lenyewe. Sisi tunapaka rangi tu. Tulikumbuke hilo, kwa maana ndipo penye mpaka.

JAMBO LILILOTUPATA

Kikundi kimoja tunachotembelea kilikuwa kikiuza kadi hizi. Siku moja alikuja mtu na karatasi iliyoandikwa vizuri, akaomba "itiwe uzee kidogo". Alitaka kulipa pesa kuliko kadi za mwezi mzima. Wakati huo kikundi kilikuwa na deni, na wengine walisema, "Sisi tunapaka chai tu, mengine ni yake."

Mwenye hazina aliisoma. Yalikuwa mapatano ya kuuziwa shamba, na tarehe ya mwaka 1978. Aliyedaiwa kuuza alikuwa marehemu. Mjane wake alikuwa akililima shamba hilo hilo, naye alikuwa jirani yao.

Kina mama walirudisha karatasi. Tulipopata habari tulikwenda pamoja nao kwa mjane, tukamshauri aende ofisi ya ardhi aangalie rekodi za shamba na aulize juu ya kuweka kizuizi. Deni la kikundi lilibaki. Walilimaliza kwa kadi, shilingi kwa shilingi.

Ndugu zetu, "tunapaka chai tu" si kinga. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 349, inatoa kifungo cha hadi miaka 3 kwa kughushi hati. Kwa wosia au hati ya kumiliki ardhi, kifungu cha 350 kinafika kifungo cha maisha. Anayesaidia akijua naye ana hatia. Na Amri ya Nane hatuhitaji kukumbushana.

Nanyi mkiletewa "mapatano ya zamani", yaangalieni. Karatasi iliyozeeka kweli mara nyingi hugeuka rangi zaidi kwenye kingo na upande wa nje. Ndani ya mkunjo hubaki na weupe. Ya chai huwa na rangi pande zote. Someni pia maneno: hati ya 1978 yenye namba ya simu ya mkononi inajishtaki yenyewe. Lakini jicho pekee halitoshi. Msitie sahihi wala kidole gumba kabla ya kwenda kwa chifu, ofisi ya ardhi au wakili.

Basi tengenezeni kadi, na nyuma ya kila moja andikeni jina la kikundi na mwaka iliotengenezwa. Kazi halali haiogopi kutaja umri wake.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Mgeni akileta karatasi, nani kati yetu ataisoma kwanza?
2. Tungekuwa na deni kama wale kina mama, tungejibu nini?
3. Ni wajane gani kijijini kwetu ambao hawajaangalia rekodi za mashamba yao? Nani atawasindikiza?